Spika ya Inchi Kumi na Mbili

Mimi nimesoma madarasa mawili, na la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili atakayekuta kosa humu asijisumbue kuniambia. Nilichonacho nimekipata kwa nazi. Nilianza kwa kubeba za watu, nikaja nikanunua zangu, mwisho nikawa na lori, na nyumba ya mawe pale Dunda, na ukiuliza Bagamoyo nzima habari za mtu wa nazi utaletwa kwangu. Sijawahi kudanganywa kwenye nazi. Niletee fungu la mia, nitakutolea mbovu zote nimefumba macho. Hilo nilijifunza mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Au ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Basi mtu wa namna hiyo akikaa chini kumwandika mwingine, ujue kuna sababu. Ninayemwandika alikuwa fundi wa redio. Mji wote ulimwita Fundi tu, kana kwamba maseremala na washonaji hawakuwapo. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake, kwa kuwa sijui. Nilimwuliza mara moja, akanijibu kwamba redio haiulizwi ilizaliwa wapi, huulizwa inashika stesheni gani.

Alikuwa na chumba kimoja kilichotazama uchochoro, na ndani yake redio zilizokufa zimepangwa mpaka darini. Aliziita marehemu. Ukimpelekea redio yako imenyamaza, alipanda stuli, akamshusha marehemu mmoja, akamtoa transfoma, akamshusha wa pili, akamtoa kondensa, na kwa viungo vya marehemu watatu akakutengenezea redio moja hai. Kipuri kipya hakukuuzia mpaka ahakikishe cha zamani hakipo. Vile vidogo vidogo alivitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, na juu ya kila kopo ameandika tarakimu za Kiarabu ambazo maana yake aliijua yeye. Kabla ya kufungua mgongo wa redio alisema bismillahi, hata ikiwa redio ya padri.

Betri alizipima kwa ulimi. Aligusisha nyaya mbili kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha akatoa hukumu: hii bado ina chumvi, hii imekwisha chumvi. Kondensa iliyoungua aliijua kwa kunusa kabla hujafika mlangoni. Alisema inanuka kama ng'onda, samaki mkavu, aliyesahauliwa kwenye kapu. Na sikio lake la kulia lilikuwa halisikii kitu. Fundi wa redio, kiziwi nusu! Wageni wakisikia hilo walitaka kubeba redio zao waondoke. Yeye aliuma mpini wa bisibisi kwa meno, akaigusisha ncha yake kwenye spika, akatulia. Akisha kuitoa mdomoni alikwambia ugonjwa ulipo. Nilimwuliza kama kweli anasikia kwa meno. Akaniambia sikio huwa linasikia linachopenda, meno hayana upendeleo.

Nyumbani kwake hakukuwa na redio. Alisema akifika nyumbani anataka kumsikiliza mkewe. Mkewe, mama mmoja mnene mwenye sauti, alimjibu kutoka ndani kwamba huko kusikiliza kwenyewe hajakuona, labda na yeye agusishwe bisibisi. Sifa ya juu kabisa aliyokuwa nayo Fundi ilikuwa maneno mawili: "Haina makosa." Aliyasema kwa redio, kwa jahazi, kwa khutba ya Ijumaa, na siku moja aliyasema kwa pilau ya mkewe mbele za wageni, akanuniwa siku tatu.

Jambo lililotugombanisha mimi naye tangu mwanzo ni swali lake. Hukuweza kununua kitu kwake, hata waya, kabla hajakuuliza: "Unataka kusikia nini?" Mimi mteja wangu akija simwulizi anakwenda kupika nini. Lakini yeye alikuuliza, na jibu likimchosha hakukuuzia.

Alikuja mvuvi mmoja wa Saadani, kauza samaki vizuri, fedha ziko kibindoni, akataka redio kubwa yenye mawimbi manane, inayong'aa mbele kama meno ya dhahabu. Fundi akamwuliza swali lake. Yule bwana akasema taarifa ya habari, na taarabu. Fundi akamwambia hivyo viko kwenye wimbi moja, haya saba yaliyobaki atawasikilizisha kina nani, ng'onda? Akampa kiredio kidogo cha transista chenye koti la ngozi, akamwambia fedha inayobaki anunue betri, na akitundike ndani, mbali na upepo wa chumvi. Mvuvi akaona ametukanwa. Akaenda zake Dar es Salaam akanunua ya mawimbi manane. Haukupita mwaka akarudi nayo begani, imeshika kutu mpaka vitufe havizunguki. Mimi nilikuwepo, nikacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa kumcheka kila mtu kwa kila jambo, lakini aliyekuja na redio iliyokufa hakumcheka. Aliniangalia juu ya miwani akaniambia, "Msiba wa mwenzio hauchekwi, mtu wa nazi. Nawe utafiwa."

Miwani yenyewe ilikuwa imevunjika mkono, kaufunga kwa waya wa shaba. Nakumbuka hilo kwa sababu alikuwa na kanuni nyingine aliyoihubiri kuliko ile ya swali: kitu cha kuhifadhi kiwe viwili, na hivyo viwili visilale nyumba moja. Ufunguo wa duka alikuwa nao mmoja, wa pili uko kwa imamu. Hati ya nyumba yake alimwandikisha mtu akainakili, nakala ikakaa kwa shemeji yake kule Mkange. Lakini miwani alikuwa nayo moja, na ilipoanguka alitambaa sakafuni akiipapasa, na mimi nilikaa kwenye kiti nikamwuliza ya pili inalala nyumba gani. Siku hiyo nilijiona nimemshinda. Ni siku moja tu, ndiyo maana naisimulia.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama aliishi Mkange mpaka miguu ilipomkataa. Nikamleta Bagamoyo kwa matibabu, akakaa kwangu miezi miwili, akilalamika kwamba nyumba ya mawe haipumui. Alikuwa mtu wa maneno. Akisimulia kitu, wanawake waliacha vyungu vikaungua. Mimi sikuwahi kumsikiliza vizuri, nilikuwa na nazi zangu. Siku alipoanza kusema anataka arudi akafie kwake, ndipo nikashikwa na hofu ambayo sikumwambia mtu: kwamba yale maneno yatakwisha, na mimi sina hata moja.

Wakati ule zilikuwa zimeanza kuonekana mashine za kunasa sauti, zenye magurudumu mawili ya tepu yanayozunguka. Fundi alikuwa nayo moja, ameiunga mwenyewe kutokana na marehemu wawili. Nikamwendea. Akaniuliza swali lake, nataka kusikia nini. Nikasema, "Mama." Ndiyo mara pekee ambayo hakuongeza neno.

Tukaja tukagombana kwenye tepu. Alikuwa na aina mbili, nyembamba iliyozungushwa nyingi na nene iliyozungushwa kidogo. Mimi nikachukua nyingi, nani asingechukua? Akainyang'anya mkononi mwangu. Alisema nyembamba inabeba maneno mengi lakini inavutika, na baada ya mwaka sauti ya mama itakuwa kama ya mtu anayeongea usingizini. Nene inabeba machache na inayashika. Nikamwambia mama yangu hana maneno machache. Akasema basi atachagua.

Fundi alimnasa asubuhi, sebuleni kwangu. Mimi nilivaa kanzu, nikaweka kiti changu mbele kabisa, nikakunja mguu. Mama akanitazama, akatazama ile mashine, akasema, "Wewe toka. Siwezi kukusema na wewe umekaa mbele yangu kama kadhi."

Nikatoka, nikakaa barazani kama mtu asiye na haja, shingo nimeigeuza kwenye dirisha. Maneno hayakunifikia. Nilichosikia ni kicheko cha mama, kile cha kupanda ngazi, na baadaye kicheko cha mwanamume ambacho sikukijua. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni Fundi. Alipotoka alikuwa anafuta miwani. Nikamwuliza mama kasema nini. Akaniambia nitasikia, nimwachie tepu siku mbili aifunge ncha zake vizuri, halafu niende dukani alasiri anipigie.

Nikakataa. Hapa ndipo msomaji aanze kunicheka, mimi nimekwisha anza. Nilimwambia sauti ya mama yangu haitasikika mara ya kwanza kwenye chumba cha marehemu, katikati ya harufu ya kondensa. Itasikika nyumbani kwangu, kwenye mashine yangu mwenyewe, kubwa, majirani wote wasikie. Fundi akasema basi aitolee nakala, ibaki kwake, viwili visilale nyumba moja. Nikamjibu mama yangu si ufunguo wa duka. Siku ya tatu nikaenda kuchukua boksi langu, nikaondoka nalo kwapani, na mama nikamrudisha Mkange kama alivyotaka.

Kuunga mashine yangu kulinichukua masika mazima. Rekoda niliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka nchini. Ilikuwa nzima ila haina sauti ya kutosha. Fundi akaniandikia, nyuma ya pakiti ya sigara, vitu vya kununua Dar es Salaam ili iweze kuunguruma sebuleni: transista kadhaa kwa namba zake, transfoma ndogo, na spika ya inchi sita. Alisema sauti ya mtu mzima anayeongea inatosha kwenye inchi sita, zaidi ya hapo ni ngoma.

Nikaingia duka la vipuri Kariakoo na pakiti yangu mfukoni. Mwenye duka akaniuliza nina orodha. Nikasema sina. Si kwamba sikuweza kuisoma, namba nazijua kuliko wengi. Ila niliona kwamba anayenunua kwa karatasi ni mtu wa kutumwa, si mwenye mali. Nikanyoosha kidole. Nikataka transfoma kubwa kuliko zote. Nikataka transista zile zenye kofia ya chuma, kwa sababu zile nyingine zilionekana kama mbegu za papai. Halafu nikaiona spika juu ya rafu, inchi kumi na mbili, nyuma yake sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Mwenye duka, mtu mwaminifu, akaniambia ile ni ya jumba la sinema. Nikamwambia, "Hiyo hiyo." Hakuna kitu hata kimoja nilichokishika, nikakigeuza, nikauliza kinafanya nini. Mimi, ambaye nazi ya senti sikuinunua bila kuitikisa sikioni.

Fundi alipoyaona yale makubwa mezani kwake alivuta stuli akakaa. Kisha akaanza kuyasukuma moja moja pembeni. Transfoma hii itakula betri ya lori kwa siku mbili. Transista hizi ni za kazi nyingine. Alipofika kwenye spika akaning'iniza bisibisi karibu na sumaku, ikaruka mkononi mwake ikaganda pale, tah. Akaivuta kwa nguvu kuibandua.

"Sifungi spika ya sinema sebuleni mwa mtu," akasema. "Na lingine, bwana, ile tepu..."

Nikamkata. Nilimwambia tepu ni ya mama yangu, haimhusu, na kama kazi kubwa inamshinda mafundi wako wengi. Nikabeba vitu vyangu. Hata mlangoni aliniita, nikafanya kama na mimi nina sikio la kulia kama lake.

Nikamleta fundi mwingine kutoka mjini, kijana mtaratibu aliyesema ndiyo kwa kila nilichosema. Seremala akanitengenezea kabati la mninga, refu hadi kifuani, nikaliweka sebuleni na mke wangu akalitandikia kitambaa alichokidarizi maua. Lilikuwa ndilo kitu cha heshima kuliko vyote nyumbani. Na kwa kuwa ni cha heshima, nikataka kitu changu cha thamani kikae humo. Nikamwamuru seremala anichongee ndani, nyuma, kijirafu cha siri, na ili pasiharibike nafasi nikakionyesha mahali mwenyewe: pale pale nyuma ya spika, boksi la tepu liegemee sumaku. Liliegemea vizuri sana. Halikutikisika.

Kabati halijakauka vanishi, habari zikaja kutoka Mkange kwamba mama hayupo tena. Tukaenda tukazika. Watu walisema mengi mazuri, na mimi nilisimama pale nikajifariji kwa jambo moja ambalo wao hawakuwa nalo: mimi ninaye, yuko kwenye kabati. Nikaapa kwamba sitaifungua peke yangu. Itapigwa siku ya arobaini, watu wote wasikie.

Mke wangu hakupenda. Alisema maiti anaombewa, hapigwi kwenye spika. Shehe naye nilipomdokeza alitazama chini. Nikawaambia ni wosia, na wosia husomwa. Siku ya arobaini, baada ya dua, watu wamekula, kahawa inazunguka, nikasimama mbele ya kabati kwa kanzu ile ile. Fundi alikuwepo. Tulikuwa hatusemezani lakini msiba ni msiba, alikuja, akakaa karibu na mlango, sikio zuri amelielekeza kwangu. Nikatoa tepu kwenye kijirafu. Nikaivika kwenye magurudumu. Nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Ikatoka mvua. Sina neno lingine. Mvua juu ya makuti, kubwa, inchi kumi na mbili nzima ya mvua, ikajaza sebule na ikatoka dirishani kuwaendea majirani. Nikasubiri. Watu nao wakasubiri, vikombe mikononi. Chini kabisa ya mvua kilipita kitu kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu, kikapotea. Tepu ikaenda mpaka ikaisha, ncha yake ikawa inapiga kofi, pa, pa, pa, na mimi nimesimama. Mtu mzima mmoja akasema, kwa wema tu, kwamba sauti ni safi.

Nikasema betri imekwisha chumvi.

Fundi alikuja kwangu siku chache baadaye. Hakuwahi kuja bila kuitwa ila siku hiyo, na hata hivyo alisimama nje akasema hodi mara tatu. Nikampa kiti na kahawa. Akaniuliza ile tepu inaendeleaje. Ningeweza kusema pale, mtu mwenyewe ndiye huyo, kaja kwa miguu yake. Nikamwambia ilikuwa betri tu, nimebadilisha, sasa inalia vizuri sana, kila Ijumaa baada ya swala tunakaa na mke wangu tunamsikiliza.

"Alhamdulillahi," akasema. Akageuza kikombe. "Anasema nini?"

"Ananiombea dua," nikasema. "Ananiusia swala. Na kuwasaidia ndugu."

Alikaa akinitazama juu ya miwani, ule waya wake wa shaba uking'aa. Alikuwa mtu wa kukuambia usoni kwamba redio yako ni takataka na wewe uliyeinunua hujambo kidogo tu. Nilimngojea. Akamaliza kahawa, akashukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sikukanyaga dukani kwake. Redio yangu ikiharibika niliipeleka Dar es Salaam. Tukikutana msikitini nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaachana hapo. Kabati nililibakiza sebuleni, na kwa kuwa nilishasema kila Ijumaa, kila Ijumaa niliingia nikafunga mlango, nikakaa mbele yake kimya muda wa tepu moja. Mke wangu aliniletea chai asiulize kitu. Nilifanya hivyo miaka tisa. Mtu akiniambia kuna mjinga zaidi Bagamoyo nitataka anionyeshe.

Katika miaka hiyo kulizuka msemo mjini. Mtu akinunua baiskeli, mwenzake anamwambia, "Itikise kwanza." Kijana akitaka kuoa, shangazi zake wanamwambia itikise kwanza, wanaangua kicheko. Na mimi waliniambia kuliko wote, sokoni, barazani, kila niliponyoosha mkono kwenye kitu, na waliponiambia walicheka kwa upole, kama watu wanaoshiriki siri na mwenyewe. Nikaona ni heshima. Mtu wa nazi, ndiyo, huitikisa kwanza. Nilidhani mji umejifunza kwangu. Nilitikisa kichwa kwa maringo, nikapita.

Ndipo siku moja, betri zimekuwa adimu kama sukari na spea za lori ndiyo usizitaje, akaja dereva mgeni kutoka Ubena kunichukulia shehena. Nikawa namchagulia nazi, nikafanya haraka, nikaweka moja bila kuijaribu. Akaniambia mzee, itikise kwanza, kama alivyosema yule bibi wa Fundi.

Nikamwuliza bibi yupi. Mke wa Fundi namjua, hana msemo huo.

"Yule wa kwenye tepu," akasema. "Bibi anayecheka. Nilipeleka rekoda yangu itengenezwe, Fundi akaijaribu naye. Huwa anazijaribu zote naye. Hujamsikia? Mji mzima unamjua."

Nazi niliziacha pale pale. Nilikwenda kwa miguu mpaka uchochoroni.

Alikuwa amezeeka. Mikono ilitetemeka, hakulehemu tena. Marehemu walikuwa wamepunguzwa, nusu ya ukuta umebaki mweupe. Miwani ni ile ile na waya ule ule. Nikamwamkia. Akaitikia, akanionyesha stuli, na, kwa jinsi alivyo, akaniuliza nataka kusikia nini.

Nilikaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, makali, ya haki yangu na mali yangu. Hayakutoka. Yalitoka mengine, na yalikuwa machache.

"Tepu yangu ilifutika, Fundi."

"Lini?"

"Ile siku ya arobaini. Ilikuwa imekwisha futika. Niliiegemeza kwenye sumaku, nami nimekuja kujua sumaku hula sauti ya tepu."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia kwa meno. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anayo ya pili, miaka yote hii, mji mzima unamsikia mama yangu isipokuwa mimi.

"Ulisema unayo," akajibu.

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye makopo. Alinieleza huku amenipa mgongo kwamba alitoa nakala katika zile siku mbili, kwa rekoda ya mteja iliyokuja kutengenezwa, kwa kuwa kanuni ni kanuni, hata mwenye mali akiwa haitaki. Alianza kuitumia kujaribia mashine kwa sababu hakupata sauti nyingine iliyo na juu na chini kama ile. Mashine ikiweza kucheka na mama huyu, imepona. Ikichakaa aliitolea nyingine. Hii ni ya tatu, na mwenzake yuko kwa imamu. Akaivika kwenye mashine yake ile ya marehemu wawili. Spika yake ilikuwa kama kisahani cha kikombe.

Kulikuwa na mvua kidogo, halafu mama akaanza kuongea, karibu, kana kwamba amekaa kwenye stuli nyingine.

Hakuniombea dua. Alisimulia kwamba nilipokuwa na miaka kama sita, siku ya kuangua nazi, kila mtoto aliambiwa achague moja yake. Wenzangu wakatikisa, wakasikiliza. Mimi nikaikimbilia kubwa. Mama akaniambia itikise kwanza, mwanangu. Nikakataa, nikaibeba kichwani kutoka shambani mpaka nyumbani, sitaki kusaidiwa, shingo imezama mabegani. Ilipopasuliwa haikuwa na kitu ndani, kavu tupu. Watoto wakacheka. Wakanipa vipande vyao. Nikasema sitaki, hii ndiyo niliyoitaka. Nikakaa nayo mapajani kutwa nzima sikula kitu. "Mpaka leo yuko hivyo," mama akasema, na kile kicheko kikapanda ngazi. "Ukimwona kabeba kikubwa, ujue ana njaa."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mimi siikumbuki hiyo nazi. Nakumbuka zote, ile siikumbuki.

Kwenye tepu, Fundi, kijana zaidi, akamwuliza mama kama amwite yule aliye nje aje asikie, maana anamwona kivuli chake dirishani.

Mvua ikapita kidogo.

"Muache," akasema. "Atakuja mwenyewe."

Ikawa mwisho. Ncha ikapiga kofi, pa, pa, pa. Fundi akaizima. Hakunitazama, alijishughulisha na kufuta miwani, na kwa kuwa mikono ilimtetemeka nikaichukua nikamfutia. Alipoivaa aliitoa tepu, akaitia kwenye boksi, akalishika bila kunipa.

"Utaiweka wapi?" akaniuliza.

"Popote utakaponiambia, Fundi."